MAZOEZI YANAPOSIMAMA: SOMO KWA VIJANA NA WAZEE



Katika Kaagya yetu wako watu wa namna mbili wanaofanya mazoezi ya viungo kwa bidii. Wa kwanza ni vijana. Hao hukimbia alfajiri kabla ya shule wakitumaini kuchaguliwa katika UMITASHUMTA au UMISSETA, au hujiandaa kwa usaili wa jeshi, au wanatamani siku moja kucheza mpira mbele ya watu katika uwanja wa Kaitaba. Wa pili ni wazee na akina mama ambao daktari amewapima akawaambia: shinikizo la damu limepanda, sukari imezidi, anza kutembea kila siku.

Makundi haya mawili hayafanani, lakini yanaleta swali moja. Huuliza hivi: "Mwanzoni nilikuwa naendelea vizuri. Kila wiki niliona badiliko. Sasa ni mwezi wa tatu, nafanya yale yale, wala sioni tofauti. Je, nimefika mwisho wangu?"

Swali hili si dogo. Mtu asipolijibu vema hufanya moja katika mambo matatu. Huacha kabisa, na mzee aliyeacha kutembea hupoteza kinga aliyokwisha kuipata. Au huongeza mazoezi maradufu kwa hasira, akaumia goti au kifundo cha mguu. Au husikiliza maneno ya wauza dawa za nguvu. Yote matatu ni hasara. Basi katika somo hili tutaona kukwama ni nini, kunatoka wapi, na namna ya kukuondoa.

1. KUKWAMA NI NINI

Sisi tuliosomea ualimu tulikutana na jambo hili kwanza katika masomo ya elimu-nafsi, si katika michezo. Mwaka 1897, na tena mwaka 1899, wataalamu wawili wa Marekani, Bryan na Harter, walitoa maandishi juu ya mafundi waliokuwa wakijifunza kupeleka na kupokea telegramu kwa alama za Morse. Waliona kwamba mwanafunzi hupanda upesi hapo mwanzo, kisha katika kupokea alama hufika mahali ambapo kwa wiki nyingi haongezi kitu, ingawa anafanya zoezi kila siku. Baadaye hupanda tena. Hali ile ya kati wakaifananisha na uwanda wa juu, kama mtu apandaye mlima akafika mahali tambarare.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa mfano huo mara mbili. Anayepanda kwa miguu kutoka mjini Bukoba kwenda Ihungo anajua mwinuko unavyokata pumzi, kisha ghafula njia hulala. Aliye mahali tambarare hajashuka. Yuko juu kuliko alipoanza, ila macho yake hayaoni kupanda.

Hivyo tujifunze neno la kwanza: kukwama si kurudi nyuma. Mtu aliyekuwa hawezi kutembea nusu saa bila kuketi, na sasa anatembea saa nzima lakini haongezi, huyo amekwisha kushinda sehemu kubwa ya safari.

2. KWA NINI MWILI HUSIMAMA

Wengi wetu tunaikumbuka mchakamchaka ya shuleni. Asubuhi watoto hupangwa mistari, hukimbia huku wakiimba, huzunguka njia ile ile, kisha hurudi kufagia na kuingia darasani. Mwalimu aliyeangalia vizuri aliona jambo. Muhula wa kwanza mtoto mgeni hutweta, huachwa nyuma, hushika mbavu. Baada ya wiki chache anakwenda na wenzake. Lakini kuanzia hapo hata mwisho wa mwaka habadiliki sana. Kwa nini? Kwa sababu njia ni ile ile, mwendo ni ule ule, muda ni ule ule. Mwili umekwisha kuitosheleza kazi ile, nao hauna sababu ya kujenga zaidi.

Mwili wa binadamu hauna ubadhirifu. Hujenga nguvu kwa kadiri ya kazi unayopewa, wala hauongezi akiba isiyotakiwa. Ukiupa mzigo unaozidi kidogo ule uliouzoea, hujitengeneza kuumudu. Ukisha kuumudu, hutulia. Wayunani wa kale walisimulia habari za Milo wa Crotona, mpiga mieleka mashuhuri, kwamba alimbeba ndama kila siku, na kwa kuwa ndama alikua, nguvu za Milo nazo zilikua mpaka akambeba ng'ombe mzima. Ni hadithi tu, lakini mafundisho yake ni sahihi: mzigo usipokua, nguvu hazikui.

Tena yafaa kujua kwa nini mwanzo huwa mwepesi. Katika wiki za kwanza mishipa ya fahamu hujifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi, na maji ya damu huongezeka upesi, hivyo moyo hupiga kwa nafuu. Hayo ni matengenezo ya haraka. Matengenezo yanayofuata ni ya polepole: misuli kunenepa, mishipa midogo ya damu kuongezeka ndani ya misuli, kano na mifupa kuimarika. Haya huchukua miezi na miaka. Ni kama nyumba: kusimamisha miti ya kuta ni kazi ya siku chache, lakini kukandika, kupiga lipu na kusakafu huchukua muda, na mpita njia huona kama hakuna kinachofanyika.

Jambo la tatu husahaulika mno. Zoezi lenyewe halijengi. Zoezi huchosha na kubomoa kidogo. Kinachojenga ni chakula na usingizi baada ya zoezi. Kwa hiyo mtu anaweza kukwama kwa sababu mbili zinazopingana: mwingine mzigo wake ni mdogo mno, na mwingine mapumziko yake ni machache mno. Dawa ya huyu ni sumu ya yule. Ndiyo maana twasema, kabla ya kuongeza chochote, jichunguze kwanza.

3. JICHUNGUZE KABLA YA KUONGEZA

(a) Kazi ya nyumbani. Mama anayeamka saa kumi na moja, akachota maji bondeni, akapalilia kibanja, akakata majani huko rweya na kuyabeba kichwani, amekwisha kufanya zoezi kubwa. Kijana aliyelima asubuhi kucha kisha akaenda kukimbia kilometa kumi, asishangae miguu ikiwa mizito. Kazi ya shamba iandikwe katika hesabu ya mazoezi. Wakati wa kulima na kupanda, punguza mbio.

(b) Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kijana wa sekondari anahitaji saa nane hadi kumi. Anayekaa macho na simu mpaka usiku wa manane, kisha akaamka kukimbia alfajiri, anamwaga maji katika pakacha. Na wale wapenzi wa kahawa yetu ya kutafuna waangalie saa. Kahawa ya jioni huweza kuufukuza usingizi hata kama mlaji hahisi.

(c) Chakula. Ndizi zetu ni chakula kizuri cha nguvu, maana zina wanga kwa wingi. Lakini protini, yaani chakula cha kujenga misuli, ni kidogo ndani yake. Wazee wetu walikuwa na busara walipopika ndizi pamoja na maharage. Sahani ya ndizi tupu haimjengi mkimbiaji. Aweke maharage, dagaa au samaki wa Ziwa, karanga, yai au maziwa apatapo, na senene msimu wake ufikapo, kwa kuwa senene wana protini na mafuta mengi. Mboga za majani zisikose, na pembeni pera au chungwa, maana matunda haya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Chai na kahawa zinywewe saa moja au zaidi baada ya kula, kwa kuwa zikichanganyika na chakula huzuia madini hayo.

(d) Maradhi. Hili kwetu ni kubwa, na vitabu vingi vya mazoezi vilivyoandikwa Ulaya havilitaji. Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba hewa safi kuipeleka kwenye misuli. Mtu aliyepona homa juzi hawezi kuwa na damu ile ile aliyokuwa nayo mwezi uliopita. Minyoo ya safura hunyonya damu matumboni. Kichocho cha tumbo kinapatikana pwani ya Ziwa Victoria, na wavuvi na watoto wanaooga ziwani huweza kuwa nacho kwa miaka bila kujua. Akina mama huweza kupungukiwa damu kwa sababu ya hedhi na uzazi.

Kwa hiyo, kijana aliyekuwa akienda vizuri, mara akaanza kuchoka upesi, moyo kwenda mbio hata akipanda kijilima kidogo, macho na viganja kupauka, huyo asiambiwe mvivu. Aende zahanati apimwe wingi wa damu, malaria, choo na mkojo. Kichocho kina dawa, na minyoo ina dawa. Walimu na wazazi tusikilize hapo. Mtoto mwenye upungufu wa damu akilazimishwa kuongeza mbio tunamwumiza.

(e) Mapigo ya moyo. Kipimo rahisi kisicho na gharama ni hiki. Asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Andika. Ukifanya hivyo wiki mbili utajua hesabu yako ya kawaida. Ikipanda kwa mapigo kumi hivi na kubaki huko siku kadhaa, mwili unakuambia kuwa haujapumzika au kuna ugonjwa unakuja. Siku hizo tembea tu, usikimbie.

4. NJIA ZA KUTOKA

Ukisha kujichunguza, ukaona unalala, unakula, huna maradhi, na bado umesimama, ndipo ubadilishe mazoezi. Kanuni yetu ni moja: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Mwalimu anayebadili kitabu, saa, darasa na fimbo kwa siku moja hatajua ni kipi kilichosaidia.

Njia ya kwanza: ongeza umbali au muda, lakini kidogo. Walimu wengi wa riadha hushauri nyongeza isipite sehemu moja ya kumi kwa wiki. Anayetembea dakika 40 aongeze dakika nne, si ishirini.

Njia ya pili: vilima. Mungu ametupa vilima bure. Chagua mwinuko unaochukua nusu dakika hadi dakika moja kupanda. Panda kwa nguvu, shuka kwa kutembea, maana ni katika kushuka mbio ndipo magoti huumia. Anza kwa mara nne, mara moja kwa wiki. Baada ya wiki kadhaa ufike mara nane. Mwinuko huimarisha misuli ya mapaja na makalio, na huufanya moyo upige kwa nguvu bila miguu kugonga ardhi kwa kasi kubwa.

Njia ya tatu: kubadili mwendo. Katika miaka ya 1930 mwalimu wa Uswidi, Gösta Holmér, alibuni mazoezi yanayoitwa fatleki, maana yake kwa lugha yao ni mchezo wa mwendo. Hayahitaji kiwanja wala saa. Unakimbia taratibu, kisha kutoka nguzo hii ya umeme hadi ile unakwenda kasi, kisha taratibu tena mpaka upate pumzi, kisha kasi hadi kwenye mwarobaini ule. Anayetembea naye aweza kufanya vivyo hivyo: dakika mbili mwendo wa kawaida, dakika moja mwendo wa mtu aliyechelewa basi. Kwa njia hii moyo hupewa kazi mpya katika njia ile ile ya zamani.

Njia ya nne: nguvu za misuli. Wakimbiaji wetu wengi hudharau hili. Mara mbili kwa wiki, fanya kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi au jiwe imara, na kujisukuma kwa mikono, sakafuni kwa kijana, ukutani kwa mzee. Dakika 15 zatosha.

Njia ya tano: pumzika. Hapo vijana huguna. Lakini wiki moja katika kila nne iwe ya kupunguza, ufanye nusu au theluthi mbili tu ya mazoezi ya kawaida. Wengi waliokwama huamka kutoka wiki hiyo wakiwa wepesi. Ardhi nayo, tukiilima bila kuipumzisha wala kuitia samadi, huchoka. Sisi wenye vibanja twalijua hilo vizuri.

Ama kuhusu dawa za kuongeza nguvu, msimamo wetu ni mmoja. Dawa za homoni za kujenga misuli huweza kuharibu ini, moyo na uzazi, na zimekatazwa katika mashindano yote ya kweli. Hata dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo baadhi ya vijana huzimeza ili wakimbie juu ya jeraha, zikitumiwa mara kwa mara huumiza tumbo na figo. Maumivu ni mjumbe. Asiyemsikiliza mjumbe atampokea bwana wake.

5. WATU WALIOSIMAMA KISHA WAKAENDELEA

Mtanzania Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alimaliza wa 5 katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini London, alipata medali ya shaba kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Watu wakasema, dhahabu i karibu. Lakini haikuja upesi. Katika Olimpiki iliyofanyika mwaka 2021 alikuwa wa 7. Mwaka 2022 alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, alikuwa wa 17. Mtazamaji angeweza kusema kwamba huyu amekwisha.

Aprili 2025 alikuwa wa 2 katika marathoni ya Boston. Na tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilometa 42 na mita 195.

Sasa tazameni muda wake: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tangu shaba ya London mpaka dhahabu ya Tokyo imepita miaka minane, na saa inaonyesha tofauti ya sekunde 3 tu. Njia na hali ya hewa hazikuwa sawa, hivyo nyakati hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Ndilo somo lenyewe: saa peke yake haisemi yote. Aliyetazama saa tu angedhani mtu huyu hakusogea.

Mfano wa pili ni Eliud Kipchoge wa Kenya. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa bado kijana mdogo. Alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2004 na fedha mwaka 2008 katika mbio hizo hizo. Mwaka 2012 hakufanikiwa hata kuingia katika timu ya Kenya iliyokwenda London. Hapo hakuongeza nguvu katika mlango uliofungwa. Alihamia mbio ndefu. Mwaka 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg, na baadaye akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki, mwaka 2016 na mwaka 2021. Wakati mwingine kukwama ni ishara kwamba kipawa chako kiko katika umbali mwingine au mchezo mwingine. Mlinda mlango mzuri hupatikana katika mshambuliaji aliyekwama.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji na kujizuia kwao katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza. Wasomaji wake walielewa mara moja, maana karibu na mji wao michezo mikubwa ya Isthmia ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Walijua kwamba siku moja ya taji ina nyuma yake siku nyingi zisizo na shangwe.

6. NENO KWA WAZEE WETU

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya nguvu siku mbili. Wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara siku tatu, ili wasianguke. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako njiani, lakini kuimba huwezi.

Basi, mzee anayetembea nusu saa siku tano kwa wiki ametimiza dakika 150. Akibaki hapo miaka kumi bila kuongeza, hajakwama. Amesimama penye faida. Kijana hupima kwa kushinda, mzee hupima kwa kudumu. Kadiri miaka inavyoongezeka, kubaki palepale ni kupanda, kwa kuwa umri unavuta chini.

Hata hivyo mzee anayetaka kipimo kingine zaidi ya mizani na saa, ajaribu hiki: aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, ahesabu mara ngapi anasimama na kuketi katika nusu dakika. Au ahesabu sekunde anazoweza kusimama kwa mguu mmoja, mtu akiwa karibu naye. Au aangalie kadi yake ya shinikizo la damu. Mara nyingi uzito umesimama, lakini shinikizo limeshuka. Hayo ndiyo maendeleo ambayo daktari aliyatafuta.

Maonyo mawili. Kwanza, asiache dawa za shinikizo au sukari kwa sababu anajisikia vizuri; hilo aamue mganga. Pili, akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika isivyo kawaida, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali. Anayetumia dawa za sukari atembee na kitu kitamu mfukoni, na avae viatu, maana kidonda cha mguu kwake ni hatari.

7. DAFTARI NA MPANGO WA WIKI NANE

Nunua daftari dogo. Kila siku andika: tarehe, ulichofanya, dakika, mapigo ya asubuhi, saa za kulala, kazi ya shamba. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, kalamu haidanganyi. Kisha chagua kipande cha barabara unachokijua, ukipime mara moja tu kila wiki ya nne, saa ile ile, usipime kila siku. Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Mpango ni huu, kwa kijana na kwa mzee, kila mmoja kwa kadiri yake:

Wiki ya 1: fanya kama kawaida, ila andika yote.
Wiki ya 2: siku moja badili mwendo, yaani fatleki.
Wiki ya 3: fatleki siku moja, na mazoezi ya nguvu siku mbili.
Wiki ya 4: punguza hadi nusu. Mwisho wa wiki pima kipande chako.
Wiki ya 5: siku moja ya vilima, mara nne, mahali pa fatleki.
Wiki ya 6: vilima mara tano, nguvu siku mbili.
Wiki ya 7: vilima mara sita, nguvu siku mbili.
Wiki ya 8: punguza hadi nusu. Pima tena.

Katika wiki zote, siku moja iwe ya kupumzika kabisa, na zoezi gumu lisifuate zoezi gumu siku ya pili yake. Ikiwa mwisho wa wiki ya 8 hakuna badiliko lolote, wala katika muda, wala katika pumzi, wala katika usingizi, rudia sehemu ya 3 ya somo hili na nenda ukapimwe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja tofauti kati ya kukwama na kurudi nyuma. Toa mfano kutoka kazi yako mwenyewe.
2. Kijana wa kikundi chenu alikuwa wa mbele, na kwa mwezi mmoja amekuwa wa mwisho. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kumlaumu?
3. Orodhesheni vyakula vya kujenga mwili vinavyopatikana kijijini kwetu bila gharama kubwa. Ni vipi tunaviuza badala ya kuwalisha watoto?
4. Kwa nini mzee asipimwe kwa kipimo cha kijana?
5. Ni nani katika mtaa wetu aliyeacha kutembea kwa kukata tamaa? Nani atakwenda kumbishia hodi wiki hii, watembee pamoja?

Twaomba swali la tano lisiishie katika kujibiwa tu. Mtu aliyekwama mara nyingi hahitaji maneno mengi. Huhitaji mwenzi wa njia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hujaa upesi wakiwa wawili wanaotia.